Maswali ya Wasomaji: Kiti cha kebo cha mtumba kwenye mlima wa theluji

Binti yangu yuko Colorado, Marekani, kwa kazi ya msimu. Ananiambia mlima anakofanya kazi umefunga kiti cha kebo chenye kifuniko cha plastiki, kilichonunuliwa kutoka mlima mwingine baada ya kutumika miaka mingi. Mtumba niliouzoea mimi ni wa nguo. Kitu cha kubeba watu angani kinawezaje kuwa mtumba?
*Mama wa binti, Milimani, Nakuru*

Mama, ni haki yako kuuliza, ila umri peke yake haukuambii mengi. Mara nyingi viti hivi huuzwa vikiwa bado vizima, kwa sababu foleni imezidi uwezo wake. Kiti cha watu 4 kinachoondoka kila sekunde 6 hupandisha watu 2,400 kwa saa. Mlima ukitaka zaidi ya hapo hununua cha watu 6 au 8, na kile cha zamani huenda kwa mlima mdogo wenye wateja wachache.

Tena mtambo hauhamishwi mzimamzima. Mnunuzi huchukua mitambo ya stesheni ya chini na ya juu, viti, vibanio vinavyoshika kebo, na puli zilizo juu ya minara. Misingi ya zege humwagwa upya. Minara mingine hukatwa au hutengenezwa mipya, maana mteremko wa mlima mmoja haulingani na wa mwingine. Kebo aghalabu huwa mpya, kwa kuwa urefu wa njia umebadilika. Ncha zake mbili husukwa pamoja, hazifungwi fundo wala hazichomelewi. Kwa kanuni za Ulaya urefu wa msuko huo haupungui mara 1,200 ya unene wa kebo, kwa hiyo kebo ya milimita 40 husukwa kwa mita 48.

Vibanio ndivyo vya kuulizia zaidi. Hufunguliwa, huondolewa rangi na grisi, kisha hutiwa sumaku na kunyunyiziwa unga laini wa chuma. Ufa usioonekana kwa macho huuvuta unga ule na kujichora mstari. Chenye ufa hutupwa. Kabla ya abiria wa kwanza kupanda, viti hujazwa mizigo, mara nyingi vyombo vya maji, yenye uzito usiopungua ule wa watu waliojaa, na breki zote hujaribiwa hivyo. Colorado ina bodi yake ya kusimamia kazi hii, Colorado Passenger Tramway Safety Board, na kiti cha umma hakiruhusiwi kufanya kazi bila leseni yake.

Muulize binti mambo matatu: kebo ilifungwa mwaka gani, vibanio vilikaguliwa nyufa lini, na kabati la umeme linaloongoza mtambo ni la zamani au limebadilishwa. Mafundi wa hapo wanayajua majibu. Kabati la zamani ndilo linalosumbua sana mitambo ya namna hii: vipuri vyake havitengenezwi tena, na kitambuzi kimoja kikikosea mtambo wote husimama. Abiria hukaa juu kwenye baridi wakingoja. Ni kero, lakini kusimama ndiko mtambo ulikoundiwa kila unapokuwa na shaka.

Naenda Austria kusoma na wenzangu wamenialika mlimani. Sijawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji. Nipandeje kiti chenye kifuniko bila kuumia?
*Kijana wa Milimani, Kisumu*

Anza na mkoba. Uvue mgongoni kabla ya kufika kwenye geti, uupakate. Mkanda ulionasa kwenye kiti wakati wa kushuka ni hatari kubwa kuliko kuanguka kwenyewe. Chomeka skafu ndani ya jaketi, toa mikanda ya fimbo zako za kutelezea viganjani, na ushike fimbo zote mbili kwa mkono mmoja.

Geti likifunguka, sogea hadi mstari wa kungojea. Kiti kilicho mbele yako kikishapita, teleza mara moja hadi mstari wa kupandia na usimame hapo, skii zikiwa sambamba na ncha zikielekea mbele. Geuza shingo ukione kiti kikija. Ndani ya stesheni huja polepole, karibu mita 1 kwa sekunde. Kikikugusa nyuma ya magoti, keti na ujisukume hadi mgongo uguse kiegemeo. Ukianguka, lala chali au kifudifudi na ubaki chini; mhudumu atasimamisha mtambo au kiti kitapita juu yako. Wanaoumia ni wale wanaokurupuka kuinuka.

Watu wote wakishakaa, tangaza kwa sauti kwamba unashusha chuma cha usalama. Weka miguu kwenye vikanyagio vyake, ndipo kifuniko kishushwe, taratibu, huku kila mmoja akiangalia helmeti na vidole vyake. Miguu na skii hubaki nje ya kifuniko. Viti vingine hujifunga vyenyewe, basi usishindane navyo. Kikitoka stesheni kitachapuka hadi mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Njia ya kilomita moja na nusu huimaliza kwa dakika 5.

Kifuniko cha mtumba kwa kawaida kina mikwaruzo na kimefifia kwa jua. Pumzi zenu zitakitia ukungu; kiinueni kidogo hewa ipite. Usikwangue barafu kwa kadi wala ncha ya fimbo. Na kama utapata kazi ya kuvisafisha, tumia maji, sabuni laini na kitambaa laini tu. Thina au asitoni hupasua plastiki hiyo vijiufa vidogo vidogo, na haitengenezeki.

Karibu na kilele utaona kibao cha kukuambia ufungue. Inua kifuniko kwanza, kisha chuma, wala usifanye hivyo mapema kwa sababu umeona stesheni kwa mbali. Inua ncha za skii, na zikigusa theluji kwenye mstari wa kushukia simama, uache kiti kikusukume kidogo, uende moja kwa moja hadi uwaachie nafasi wanaokufuata. Ukichelewa kushuka, baki umeketi. Kuna waya au fimbo ya usalama mbele itakayosimamisha mtambo.

Mkisimama katikati ya njia, mara nyingi ni mtu ameanguka chini au juu. Tulieni, msibembee, msifungue chuma. Mota ikikataa kabisa, injini ya dizeli ya akiba huivuta kebo polepole hadi watu wote washuke. Hiyo nayo ikishindikana, waokoaji huja na kamba na kuwateremsha kiti kwa kiti. Kamwe usiruke, hata kama theluji inaonekana kuwa karibu.

Kebo haisimami, lakini kiti kinapunguza mwendo ndani ya stesheni. Kinaachiaje kebo inayokimbia, na nini kinakizuia kuachia kikiwa angani?
*Fundi wa gereji, Kondele, Kisumu*

Springi hufunga, reli hufungua. Meno ya kibanio hubanwa na springi nzito wakati wote, bila umeme wala hewa. Kikiingia stesheni, kigurudumu kilicho kwenye mkono wa kibanio hupanda reli iliyopinda. Reli huukandamiza mkono ule na meno hufunguka. Huko angani hakuna reli, kwa hiyo hakuna cha kuyafungua.

Kiti kikishaachia, hukamatwa na safu ya tairi ndogo za mpira zinazozunguka juu yake. Kila tairi huenda polepole kidogo kuliko iliyotangulia, hadi kiti kifikie mwendo wa kupandia. Upande wa kutokea safu nyingine hukichapua mpaka kilingane na kebo, ndipo reli inaisha na meno yanabana. Tairi hizo huzungushwa kwa mikanda, na nguvu hutoka kwenye kebo yenyewe kupitia puli, ili mwendo wa kebo ukibadilika nazo zibadilike sawia.

Hapo ndipo mtambo wa zamani unapodai kazi. Tairi ikiisha au ikipungua upepo, kiti huteleza, kinachelewa, na nafasi kati ya viti inaharibika. Vitambuzi vinaona na kusimamisha. Mkanda uliolegea huleta dalili hiyohiyo. Baada ya kubana, kila kibanio hupita kwenye kipimo cha nguvu ya springi. Kikisoma chini ya kiwango, mtambo husimama kabla kiti hakijatoka stesheni. Fundi anayelegeza kiwango cha kipimo hicho ili mtambo usisimame ovyo anaondoa kinga iliyo muhimu kuliko zote.

Nani alianzisha viti hivi?
*Mwalimu, Kisii*

Vya kwanza vya wateleza theluji vilifungwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936. Aliyevisanifu ni James Curran, mhandisi wa reli ya Union Pacific, ambaye awali alishughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini kwa kulabu zinazosafiri kwenye kebo. Palipokuwa na kulabu aliweka kiti.

Kikundi chetu cha utalii kinafikiria kununua kiti cha namna hii kilichotumika, tukiweke Menengai. Tuangalie nini?
*Kikundi cha vijana, Nakuru*

Kwanza, msinunue kiti, tafuteni kebini, yaani chumba kidogo kinachoning'inia kwenye kebo. Kiti chenye kifuniko kiliundwa kwa mtu anayeteleza akishuka. Mtembea kwa miguu, hasa mzee au mtoto, hawezi kukikwepa haraka, na mtambo utalazimika kuendeshwa polepole siku nzima. Kebini hupungua hadi mwendo wa kutambaa na mtu huingia kwa mlango.

Pili, umeme. Mtambo wa Marekani umezoea volti 480 na hezi 60. Wetu ni volti 415 na hezi 50. Mota ya kawaida ya hezi 60 ikiunganishwa moja kwa moja itapoteza karibu asilimia 17 ya mwendo. Wa Ulaya, wa volti 400 na hezi 50, unakubali umeme wetu. Vilevile mota nyingi hukadiriwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Kilele cha Menengai kiko mita 2,278, hewa ya kupoza ni nyepesi, na injini ya dizeli ya akiba isiyo na turbo nayo inadhoofika. Mota na injini zote mbili zichaguliwe kubwa zaidi.

Tatu, mahali penyewe. Udongo wa Nakuru ni wa majivu ya volkeno na una mipasuko, hivyo kila mnara unahitaji uchunguzi wake wa ardhi. Mvuke wa jotoardhi hubeba gesi ya salfidi ya hidrojeni inayokula shaba, kwa hiyo kabati za umeme ziwe zimezibwa vizuri. Radi ikisikika, watu wote walio njiani washushwe kabla mvua haijafika. Na kebini iliyoundwa kwa baridi ina madirisha madogo ya kufungua. Kwenye jua la saa saba itawachoma abiria msipoongeza matundu ya hewa.

Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, ombeni daftari la saa za kazi, ripoti za ukaguzi wa vibanio, michoro ya umeme na barua ya mtengenezaji kwamba bado anauza vipuri. Pimeni pia gurudumu kuu linalozungusha kebo: lenye kipenyo cha mita 5 haliingii kwenye kontena yenye upana wa ndani wa mita 2.35, isipokuwa liwe la kufunguliwa vipande.