Jibu kwa ndugu zangu wa Ulyankulu, Tabora, kuhusu shamba la Rumonge, Burundi

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimesikia kwamba huko nyumbani inasemwa nimekabidhiwa michikichi ya babu hapa Rumonge, nimejenga na nimewasahau. Maneno hayo yameniumiza, kwa hiyo nayajibu bila kuficha.

Shamba lipo. Tangu babu alipoyakimbia mauaji ya mwaka 1972 linakaliwa na watu wengine, na wanaolilima leo wamezaliwa humo kama sisi tulivyozaliwa Tabora. Mimi nafanya kibarua humo humo: nachemsha chikichi kwenye pipa, kisha mimi na wanawake wawili tunazungusha mti wa mashine ya kukamulia mpaka mawese yachuruzike, na jioni mwenye shamba hunipimia chupa moja ya mafuta kuwa sehemu ya ujira. Hanitukani, ila huwaambia wateja kwamba mimi ni Mtanzania.

Kwa karatasi anasema kweli. Vyeti vya uraia wa Tanzania tulivyoanza kugawiwa mwaka 2014 vilitutaka tuukane uraia wa Burundi, na Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Bila karangamuntu, yaani kitambulisho cha raia wa Burundi, sina sauti katika madai ya ardhi, na nikiitaka karangamuntu sharti niiache Tanzania. Shuleni huko niliitwa Mrundi; huku Kirundi changu kilichojaa Kiswahili kinanitambulisha kabla sijataja jina. Shangazi alinipokea kwa machozi na kunipa kitanda cha bintiye, lakini ukoo ulipokaa kujadili mipaka niliombwa nisubiri nje.

Kwa hiyo msije. Msiuze kiwanja wala kula fedha ya tumbaku kwa ajili ya nauli. Bibi, hata hivyo, mleteni, hata kwa kukopa, kwa sababu anakumbuka mpaka ulipopita, na majirani wa zamani wanaoweza kumshuhudia wanazidi kupungua. Nawe mdogo wangu unayetaka kunifuata, tulia hapo, tunza cheti chako na usimkabidhi mtu yeyote. Lakini anza leo kujifunza Kirundi kwa bibi, maana najua utakuja tu. Ada mliyoomba sina mwezi huu, kwani faranga za huku zikibadilishwa kuwa shilingi zinabaki kidogo mno.

Mimi sirudi kabla bibi hajasimama kwenye lile shamba na kusikilizwa. Apande treni Kaliua hadi Kigoma, alale kwa mjomba, avuke mpaka wa Manyovu asubuhi. Nitampokea Mugina, upande wa Burundi.