Maswali ya Wasomaji: Oracle inagoma nikizima Wi-Fi

SWALI: Nimesakinisha Oracle XE (hifadhidata ya bure ya kampuni ya Oracle) kwenye kompyuta ya nyumbani ya Windows ili nifanye mazoezi ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Siku ya kwanza, nikiwa kwenye Wi-Fi, ilikubali. Nikizima Wi-Fi inaleta kosa la ORA-12541 (hakuna msikilizaji). Nimeshaifuta na kuisakinisha upya mara mbili. Nakosea wapi?

JIBU: Usiifute tena. Hifadhidata yenyewe huenda ni nzima. Asiyepatikana ni msikilizaji, ile huduma inayopokea maombi kwenye poti 1521. Usakinishaji huandika jina au anwani ya kompyuta ndani ya listener.ora, faili la mipangilio ya msikilizaji. Ruta nayo hugawa anwani za IP kwa muda tu: leo 192.168.1.7, kesho nyingine, na Wi-Fi ikizimwa hakuna kabisa. Msikilizaji anabaki akingoja kwenye anwani isiyokuwepo.

Ipe kompyuta anwani isiyohama, kwa kuongeza adapta ya mtandao ya kubuni isiyotegemea Wi-Fi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hdwwiz, chagua kuongeza kifaa wewe mwenyewe, kisha adapta za mtandao, Microsoft, halafu Microsoft KM-TEST Loopback Adapter. Fungua mipangilio yake ya IPv4, weka 10.10.10.10 na chini yake 255.255.255.0. Nafasi ya geti (default gateway) iache tupu, la sivyo Windows inaweza kujaribu kupitishia intaneti yako humo, isifike popote.

Sasa fungua Notepad kwa mamlaka ya msimamizi, ingia C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts na uongeze mstari huu, ukiweka jina la kompyuta yako (amri ya hostname itakuonyesha) mahali pa kompyutayangu:

10.10.10.10 kompyutayangu

Wengi hukwama hapa: Notepad hulihifadhi faili hilo kama hosts.txt, na Windows haisomi hosts.txt. Hakikisha kwa ping kompyutayangu. Jibu litoke 10.10.10.10.

Mwisho, kwenye listener.ora na tnsnames.ora (faili linaloonyesha programu mahali hifadhidata ilipo), mbele ya HOST andika jina hilohilo. Kwenye dirisha la amri endesha lsnrctl stop, kisha lsnrctl start, ili msikilizaji aanze upya. Ukiunganisha papo hapo unaweza kupata ORA-12514 (msikilizaji bado haijui hifadhidata). Usihangaike: hifadhidata hujiandikisha kwa msikilizaji kila baada ya sekunde 60 hivi. Asiye na subira aingie kwa sqlplus / as sysdba na aandike ALTER SYSTEM REGISTER;

SWALI: Kwa mazoezi tu, hakuna kitu chepesi zaidi?

JIBU: Kipo. SQLite ni faili moja, haina poti, huduma wala nywila. Ukitaka seva kamili, PostgreSQL kwa kawaida husikiliza localhost, poti 5432, kwa hiyo kuzima Wi-Fi hakuisumbui. Ila nywila ya mtumiaji postgres iandike mahali wakati wa kusakinisha. Ukiisahau itabidi uhariri pg_hba.conf, faili la ruhusa za kuingia, ndipo uingie. Oracle XE ibakie kwa anayejifunza Oracle yenyewe: toleo la 21c lina kikomo cha GB 12 za data na GB 2 za RAM, na kwa mazoezi hutavifikia.