Vifaranga wenye manyoya shingoni: usimlaumu jirani bado

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Umesema jogoo wako ni kishingo, yaani kuku wa shingo tupu isiyo na manyoya, tembe wako wote ni vishingo, na bado vifaranga 3 kati ya 11 wametoka na shingo za manyoya, ndiyo maana unamshuku jogoo wa jirani hapo Wete. Subiri kwanza, usije ukavunja ujirani bure.

Kila kuku ana nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) inayoamua manyoya ya shingo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kishingo ina nguvu, moja tu yatosha kuondoa manyoya. Kwa hiyo kishingo anaweza kubeba nakala ya manyoya ndani yake. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila kifaranga ana nafasi 1 kati ya 4 ya kutoka na manyoya. Hao 3 wako si ajabu hata kidogo.

Sasa mkamate jogoo umtazame mbele ya shingo, karibu na kifua. Akiwa na kishungi cha manyoya, ana nakala moja ya kishingo. Shingo ikiwa tupu, au ina unyoya mmojammoja tu, anazo mbili, na watoto wake wote wangekuwa vishingo. Hapo, haya, mshuku jirani!

Ukitaka vishingo watupu, oanisha wasio na kishungi. Tembe watenge na majogoo wengine wiki tatu kabla, maana huhifadhi mbegu mwilini. Mayai ya muda huo kaangeni mle.