Mianga ya kaskazini haionekani Aislandi mwezi Juni

Ndugu, umeuliza kama ukienda Aislandi mwezi Juni utaiona mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi ing'aayo angani usiku. Hapana; hutaiona, hata ukikesha usiku kucha. Mianga yenyewe haikomi, kwa kuwa chembe zitokazo kwenye jua huendelea kuigonga hewa ya juu majira yote ya mwaka, lakini Reykjavík, mji mkuu wa Aislandi, uko karibu nyuzi 64 kaskazini mwa Ikweta, na mwezi huo jua huzama karibu na saa sita usiku na kuchomoza tena mnamo saa tisa. Kati ya saa hizo anga halifiki kuwa na giza. Mtu aweza kuketi nje usiku wa manane akasoma gazeti bila taa.

Msimu wa mianga huanza mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Aprili. Mimi ningechagua mwishoni mwa Septemba, kwa sababu usiku huwa umekwisha kurefuka na barabara za pwani kwa kawaida bado hazijafunikwa na theluji. Hata hivyo, mawingu huweza kuziba kila kitu, kwa hiyo tazama kwanza ramani ya mawingu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Aislandi kabla ya kutoka mjini.

Ikiwa tiketi ya Juni haibadilishiki, nenda kwenye majabali ya Látrabjarg, magharibi kabisa mwa nchi, ukawaone lundi, ndege wa baharini wenye midomo myekundu, wakiwa kwenye viota vyao ukingoni.