Kabla hujaandika skizofrenia

Wadogo zangu mnaoripoti kazini Kigoma, mtaletewa watu wanaosema jirani anawawinda, mke kawatilia sumu, wenye pikipiki wanawafuata. Msikimbilie kuandika skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kushikilia imani zisizo za kweli. Mimi nilikimbilia.

Mwezi wangu wa pili kazini kijana alimleta mama yake kwa baiskeli, bibi wa miaka 70 na kitu. Alikuwa kajiziba mdomo kwa kanga, uji hataki, eti mkamwana kautia sumu. Nikaagiza haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili. Muuguzi mmoja wa siku nyingi akamgusa shingoni, akaniuliza taratibu, "Daktari, joto umepima?" Sikuwa nimepima. Lilikuwa 39. Tukapima mkojo, kumbe ana maambukizi. Na juzi yake tu, kijana alisema, bibi alikuwa anaanika dagaa vizuri kabisa. Siku ya nne ya antibiotiki aliomba ugali na mgebuka, na aliyemlisha ni mkamwana yuleyule.

Ndiyo maana swali langu la kwanza sasa ni: imeanza lini? Skizofrenia mara nyingi huanza ujanani, na hujijenga kwa wiki na miezi. Shuku inayomvaa mzee ndani ya siku mbili, ikizidi usiku na kupoa asubuhi, itafuteni mwilini: malaria, nimonia, mkojo, sukari iliyoshuka. Ikija polepole, kila siku anadai kaibiwa hela alizozificha mwenyewe, fikirieni dimensia, yaani ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mchungulieni na masikio. Asiyesikia huona midomo ikicheza, akadhani anasemwa yeye.

Mwingine ni mvuvi aliyelazwa na mguu uliovunjika. Siku ya tatu anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaona maadui chini ya kitanda. Muulizeni ndugu, pembeni, kuhusu gongo. Pombe ikikatika ghafla huleta hayo, na inaua. Anahitaji diazepamu ya kumtuliza na thiamini (vitamini B1) mapema. Ulizeni pia bangi, kifafa, uzazi wa karibuni, na dawa anazomeza: prednisoloni ya dozi kubwa, hata isoniazidi ya kifua kikuu, zinaweza kuvuruga akili.

Mtakaopangiwa Kasulu, karibu na kambi ya Nyarugusu, mtakutana na hofu yenye sababu. Aliyekimbia vita Kongo au Burundi akigoma kuupa mlango mgongo, msogezeeni kiti ukutani kwanza, ndipo muanze kumuuliza.