Maswali na majibu: simu, mkataba na lugha ya Kigogo kwenye filamu

Mbukwenyi wasomaji, nawasalimu kwa Kigogo. Safari hii maswali mengi ni ya filamu kuliko ya jukwaani, na mengine ndiyo yaleyale ambayo vijana hunisimamisha Majengo, hapa Dodoma, kuniuliza. Nimeyafupisha, lakini maana yake ni ileile.

Shikamoo mzee. Tuko watano hapa Kongwa, tuna simu tu. Tunaweza kutengeneza filamu ya kueleweka?

Marahaba wanangu. Mnaweza. Simu za sasa zinatoa picha safi kuliko kamera nyingi zilizoshuti Bongo Movie za mwanzo miaka ya 2000. Kinachowaangusha vijana ni sauti. Kwetu, kiangazi kikishashika, upepo hauna adabu. Ukiingia kwenye simu unakuwa ngurumo, na mtazamaji anayeweza kuvumilia picha yenye giza kidogo hawezi kuvumilia maneno asiyoyasikia. Tafuteni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Shutini nyuma ya ukuta, upande usiopigwa na upepo. Kabla ya kuanza, mwigizaji atembee, akae, ainue mkono, huku mmoja wenu amevaa spika za masikioni anasikiliza. Mtashangaa kanga mpya inavyopiga kelele mwilini. Mvalisheni iliyofuliwa ikalainika.

Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Shutini asubuhi hadi saa tatu, mpumzishe kamera, mwendelee kuanzia saa kumi jioni. Saa za katikati ni za mazoezi, na hili nawaomba mlishike kuliko yote niliyosema. Filamu zetu nyingi zilishutiwa kwa siku chache: mwigizaji anaelezwa sini, yaani kipande cha tukio, asubuhi, mchana anasema linalomjia. Vipaji vilikuwepo, ndiyo maana watu walizipenda. Lakini tazama sini ya watu wawili wanaogombana: kila mmoja anangoja mwenzake anyamaze ili aseme lake, na hakuna aliyemsikia mwenziwe. Hilo halitibiwi na kamera ya bei mbaya. Linatibiwa na mazoezi, na mazoezi yanataka muda wenu tu.

Halafu kuna mvua. Kwetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukianza sini shambani Novemba, ardhi kavu na miti mitupu, ukarudi Januari kuimalizia, utakuta majani yamefika magotini. Sini za nje zianze na kuisha ndani ya msimu mmoja.

Na msisahau kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 bado inawahusu, kwa hiyo ulizeni Bodi ya Filamu mapema. Mkiingia kijijini, anzeni kwa mtendaji kabla hamjatoa simu mfukoni.

Binti yangu ana miaka 19. Mtu anayejiita dairekta amemwita kwenye usaili hotelini, usiku, na anataka hela ya fomu. Nimkataze?

Mama, mkataze kwenda huko. Usimkataze kuigiza. Usaili wa kweli unafanyika mchana, chumbani kuna watu zaidi ya mmoja, na mwigizaji anaruhusiwa kuja na ndugu yake. Halipi chochote, kwa sababu anayemhitaji mwenzake ni yule mwenye filamu. Akidaiwa mwili ili apewe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa. Apige simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni ya bure. Atunze na ujumbe wote aliotumiwa, asifute hata mmoja.

Nimeona mabinti wenye vipaji vikubwa wakiiacha sanaa kwa sababu ya watu wa namna hii, wakarudi nyumbani kimya, na jamii ikasema hawakuwa na uwezo. Linaniuma mpaka leo. Kama binti ana nia, aingie kwenye kikundi cha maigizo kinachojulikana mtaani, au aulize masharti ya kujiunga na TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Nifanyeje ili nilie mbele ya kamera?

Usiyatafute machozi. Mtu mwenye uchungu wa kweli hupambana asilie, hasa mbele za watu. Wewe pambana usilie, umtazame mwenzako machoni. Yakija, yamekuja. Yasipokuja, mapambano yenyewe yanatosha.

Nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimeandika skripti ya Kiswahili yenye sini za Kigogo. Wenzangu wanasema tutachekwa.

Mtachekwa iwapo umeiandika ili watu wacheke. Kwa miaka mingi Mgogo kwenye maigizo amefanywa kichekesho: lafudhi imevutwa, nguo zimechanika, mkono umenyooshwa kuomba. Naichukia tabia hiyo. Wanaoigiza hivyo hawajawahi kumsikia mzee wa Kigogo akisuluhisha kesi ya mipaka ya shamba, anavyopanga maneno, anavyojua pa kunyamaza.

Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka huku kwetu. Aliimba Kigogo kwa zeze la nyuzi na ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na dunia ikamsikiliza mpaka alipofariki mwaka 2003. Hakubadili lugha ili apendwe. Kwa hiyo iache Kigogo yako, uweke tafsiri fupi chini ya picha. Ila jiulize kila mahali: kwa nini mhusika anabadili lugha hapa? Kijana anazungumza na bosi wake kwenye simu kwa Kiswahili cha ofisini, anakata, anamgeukia mama yake kwa Kigogo, na sauti inashuka. Hapo lugha inaigiza. Tena usimpe Kigogo mchekeshaji peke yake. Mpe daktari, mpe hakimu, mpe bibi ambaye neno lake ndilo la mwisho nyumbani.

Ukipata nafasi, nenda Chamwino ukawatazame kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Ngoma imebanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga, lakini macho hayako kwenye ngoma. Yako kwa anayeongoza. Akibadili mapigo kidogo tu, wote wamegeuka naye. Wapeleke waigizaji wako wakae pale jioni nzima, kisha uwaambie wacheze sini zao wakitazamana hivyo.

Filamu yangu nilimuuzia msambazaji kwa mkupuo. Sasa naiona inaonyeshwa huku na kule na sipati hata senti.

Pole sana ndugu yangu. Yamewapata watu wengi wa kizazi cha CD na DVD: unapeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, Kariakoo, unahesabiwa hela, unasaini karatasi ukiwa umesimama. Itafute karatasi hiyo. Angalia kama uliuza haki zote au haki ya kusambaza kwa njia fulani tu. Kama imeandikwa DVD pekee, ya runinga na mtandaoni huenda bado ni yako. Ipeleke kwa mwanasheria, na ufike COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Filamu ijayo usiiuze, ikodishe. Mkataba utaje njia ya kuionyesha, nchi, idadi ya miaka na mgawo wako. Anayekuharakisha kusaini hataki usome.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mpwapwa, nina miaka 63. Nimetamani kuigiza tangu ujana. Nimechelewa?

Hapana, mwalimu. Waongozaji wanahangaika kutafuta mzee, mwisho wanampaka kijana unga kichwani. Na umesimama mbele ya darasa maisha yako yote, sauti na subira unavyo tayari.

Wengi wetu tulianzia michezo ya redio, kabla televisheni haijafika Bara mwaka 1994. Tulizoea kushika karatasi mkononi. Kamera ilipokuja tukajifunza upya jinsi ya kukaa, kutazama na kukariri, tukiwa watu wazima wenye watoto, na tukaweza. Maneno usiyakariri ukiwa umekaa kitini. Tembea nayo, yaseme ukimwagilia bustani, mpaka mwili uyazoee.

Utaletewa nafasi ya mganga au ya baba mkali. Uliza swali moja kabla ya kukubali: mzee huyu anataka nini katika hadithi hii? Wakikosa jibu, kataa kwa heshima. Wakikubali kukulipa, iandikwe. Ahadi ya kukutangaza jina usiipokee kama malipo, kwa umri wako unahitaji nauli na chakula cha wakati. Omba sini zako zitangulie asubuhi ukiwa na nguvu. Na ukipewa kazi, dai kusoma skripti nzima, si kurasa zako tu.