Jibu: Maikrosimenti juu ya taili za zamani, nyumba ya Tudor, Mombasa

Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama maikrosimenti, yaani saruji laini ya kupakwa kwa tabaka nyembamba, yaweza kupakwa juu ya taili bila kuzibomoa, maana fundi mmoja amekwambia itapasuka. Yawezekana, lakini kabla ya rangi na bei angalia unyevu. Nyumba yako ni ya chini, na huku kwetu pwani maji hupanda kutoka ardhini. Ng'oa taili moja pembeni, bandika nailoni juu ya zege, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, usipake kitu mpaka utibu unyevu.

Kisha gonga taili moja moja. Inayolia tupu itoke. Maikrosimenti ina unene wa milimita 2 au 3 tu, kwa hiyo kinachocheza chini kitaonekana juu. Kwangu Bamburi fundi aliruka wavu wa nyuzi unaolazwa chini ya tabaka ili kuzuia nyufa, na baada ya miezi michache mistari ya taili ikajichora sebule nzima. Iliniuma sana! Wewe simama na fundi wako: ajaze mistari, apake praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), alaze wavu, ndipo tabaka zifuate. Vanishi ya mwisho msiikimbize, hasa bafuni.